Saini ya Novemba, Viza ya Julai

Fomu ya kuomba chuo kikuu cha Marekani ina swali moja ambalo hapa Bujumbura halina mwenzake. Kwetu mtoto hufanya mtihani wa taifa, hungoja alama, kisha ndipo hatima yake ya chuo huanza kuzungumzwa. Wamarekani wanamwuliza mapema, mwaka wa mwisho wa shule ukiwa ndiyo kwanza umeanza: unaomba kwa kujifunga, au unaomba ukiwa huru? Ombi la kujifunga, lile linaloitwa Early Decision, hupelekwa chuo kimoja tu, kwa kawaida ifikapo 1 Novemba. Jibu hutoka katikati ya Desemba, na ukikubaliwa unafuta maombi mengine yote. Ombi huru, Early Action, nalo hutumwa na kujibiwa mapema, ila mwombaji anabaki na nafasi ya kupima hadi 1 Mei.

Wanaozungumza hapa chini nimewatunga, kwa hiyo hawana majina. Hajati anauza vitenge Buyenzi, mtaa wa hapa mjini, na ndiye anayemlea binti wa marehemu kaka yake. Mwalimu anafundisha Kiingereza kwenye sekondari ya binti huyo. Binamu yuko Kentucky na anaingia kwa sauti za WhatsApp. Binti yuko darasa la mwisho. Mimi nimekaa pembeni, ingawa sikuweza kunyamaza muda wote.

MWALIMU: Hajati, mimi nasema mtoto ajifunge. Kuna vyuo binafsi vyenye jina vinavyojaza nusu ya nafasi zao, na vingine zaidi ya nusu, kabla ya Krismasi. Anayengoja duru ya kawaida, ya kuomba Januari na kujibiwa Machi, anagombea mabaki na dunia nzima. Mwaka 2003 Christopher Avery, Andrew Fairbanks na Richard Zeckhauser walitoa kitabu baada ya kuchambua maelfu ya maombi. Walikuta kwamba kuomba mapema peke yake kunamfaa mwombaji sawa na kuongezewa alama 100 au zaidi kwenye mtihani wa SAT. Huyu mtoto amesoma kwa Kifaransa tangu mdogo. Akipewa alama mia za bure, azikatae kwa nini?

HAJATI: Za bure! Mwalimu, mteja akishanitangazia kwamba lazima anunue kwangu na si kwa jirani, mimi nimpunguzie bei ili iweje?

MWALIMU: Huko hawauzi vitenge, Hajati.

HAJATI: Wanauza kitu ghali kuliko vitenge. Na si mimi peke yangu ninayesema hivyo. Mwanangu, msomee Mwalimu ile habari.

BINTI: Agosti 2025 ilifunguliwa kesi katika mahakama ya shirikisho huko Massachusetts dhidi ya vyuo 32. Walalamikaji wanadai kwamba mtindo wa kujifunga unaua ushindani wa bei, na kwamba hata wasiojifunga wanaishia kulipa zaidi.

MWALIMU: Madai si hukumu. Tena hayo ni madai ya watu wenye chochote cha kulipa. Tuhesabu. Vyuo kadhaa sasa vinatoza zaidi ya dola 90,000 kwa mwaka, chakula na malazi vikiwemo. Nani katika mtaa huu anaweza hata robo yake? Tukipewa karibu zote, tunakwenda. Tusipopewa, hatuendi. Na mkataba wenyewe umeacha mlango: msaada wa fedha usipotosha, mwombaji anaachiliwa. Tajiri hana haja ya kulinganisha bei kwa sababu analipa yote. Maskini wa kweli hana haja kwa sababu halipi kitu. Anayeumia ni wa katikati, yule ambaye chuo kimoja kingemtoza 20,000 na kingine 35,000.

HAJATI: Na sisi wametuweka kundi gani?

Swali hilo la Hajati lilipitwa haraka, nami nalirudisha. Msaada wa fedha huombwa kwa fomu ya kipato cha mzazi, na kipato chetu kiko kwa faranga. Tuchukulie mtumishi wa serikali anayepata faranga 600,000 kwa mwezi. Kwa bei ya benki, ambayo mwaka 2025 ilikuwa karibu na faranga 3,000 kwa dola moja, huyo anapata dola 200. Lakini dola za bei hiyo mtu wa kawaida hazipati. Akizihitaji anakwenda kwa wabadilishaji wa mtaani, ambako mwaka huohuo dola moja ilipita faranga 7,000, na mshahara uleule unakuwa dola 85 na senti kidogo. Ofisa wa fedha aliyeko Maine au Rhode Island akitumia bei rasmi, anaiona familia yenye uwezo zaidi ya mara mbili ya ule ilio nao. Akiamua ichangie dola 1,500 kwa mwaka, anaamini ameihurumia: kwa hesabu yake ni faranga milioni 4.5. Mzazi atakayezitafuta dola hizo mjini anahitaji milioni 10.5, na mshahara wake wa mwaka mzima ni milioni 7.2.

Kwa hiyo ile hoja ya Mwalimu kwamba maskini wa kweli yuko salama ni nzuri, lakini inamhitaji ofisa anayejua kwamba faranga ya Burundi ina bei mbili. Maskini wetu anaweza kuamka siku moja karatasi imemfanya mtu wa katikati. Akiwa amejifunga, hana barua ya chuo cha pili ya kuweka mezani. Anabaki kuomba kuongezewa, au kuomba kuachiliwa.

MWALIMU: Aandike barua ya kufafanua, aambatishe na maelezo ya bei za dola. Hilo linatengenezeka. Kisichotengenezeka ni hiki: vyuo vingi, mwombaji akiwa mgeni, huangalia mfuko wake kabla ya kumkubali. Fungu la kuwasaidia wageni lina kikomo. Likishatumika Desemba, wa Machi anaambiwa ni mwanafunzi mzuri lakini haiwezekani. Viko vichache visivyoangalia mfuko wa mgeni hata kidogo: Amherst, Bowdoin, Dartmouth, na hivi karibuni Brown. Vyote vinne, maombi yao ya mapema ni ya kujifunga.

BINTI: Harvard, Yale, Princeton na MIT pia hawaangalii, Mwalimu. Na mapema yao haifungi.

MWALIMU: Haifungi kwa sababu hawahitaji kumfunga mtu. Aliyekubaliwa Harvard atakwenda wapi tena?

Hapo Mwalimu alisema kweli kubwa kuliko alivyokusudia. Kumfunga mwombaji ni silaha ya chuo kinachoogopa kukataliwa. Mwandishi James Fallows aliuanika mchezo huo mwaka 2001 katika jarida la The Atlantic: chuo kikijaza nusu ya darasa kwa waliojifunga, kinakataa wengi zaidi Machi, na kinaonekana kigumu kuingia na chenye kupendwa kuliko kilivyo. Mwaka 2006 Harvard na Princeton vilitangaza kuacha kabisa maombi ya mapema, vikisema yanawapendelea watoto wa wenye nacho, wanaojua tarehe na wenye washauri. Wapinzani wao wakubwa hawakufuata, na mwaka 2011 vyote viwili vilirudi. Sina hakika kama kulikuwa na njia nyingine. Atakayeacha peke yake anawaachia wenzake watoto wazuri.

BINAMU: Shangazi, salamu kutoka Louisville. Mimi nilijifunga na sijajuta. Unajua sisi tulivyokuja huku, na wale wakimbizi wa 1972 waliokuwa kambini Tanzania, Marekani ilipoanza kuwachukua mwaka 2007. Nilipoomba chuo nilikuwa na karatasi za ukaaji. Nikaingia kwenye tovuti ya chuo, nikaandika kipato cha baba, kikokotoo kikanionyesha kiasi nitakacholipa kabla sijasaini chochote. Sheria ya huku inavidai vyuo viwe na hicho kikokotoo tangu 2011. Mdogo wangu akijaribu, atajua bei mapema.

BINTI: Nimejaribu, kaka. Kinaniuliza naishi jimbo gani na wazazi walilipa kodi kiasi gani Marekani. Nikiandika Burundi kinaniambia hesabu hii haiwahusu wanafunzi wa kimataifa.

BINAMU: Basi hapo sina la kukushauri. Mimi niliomba kama mtu wa huku.

Natamani ndugu zetu wote walioko Kentucky, Texas na Ohio wangejua kusema hivyo. Ushauri mwingi unaofika Buyenzi kwa simu ni wa kweli kwa aliyeusema tu. Mtoto wa mkimbizi aliyepewa ukaaji anaomba msaada wa serikali ya Marekani, anapimwa kwenye fungu moja na wenyeji, na hahitaji ubalozi wowote. Binti wa Buyenzi anaomba fungu dogo la wageni, kisha anahitaji mtu wa tatu ambaye hakusaini mkataba.

HAJATI: Sasa mmefika. Tangu tuanze, viza hakuna anayeitaja.

Viza ndiyo iliyonifanya niandike. Tangazo la Rais Donald Trump la 4 Juni 2025, lililoanza kutumika siku tano baadaye, lilisimamisha utoaji wa viza za F, M na J kwa raia wa Burundi, yaani za wanafunzi na za mabadilishano, pamoja na zile za matembezi na biashara. Sababu iliyoandikwa ni kwamba asilimia 17.52 ya Warundi wa viza hizo za masomo na mabadilishano walipitisha muda wao. Katika nchi inayopeleka wanafunzi wachache kama yetu, vijana wachache wanatosha kuipandisha asilimia, lakini adhabu ni ya wote. Tangazo la pili, la Desemba 2025, liliongeza nchi nyingine na kuiacha Burundi palepale. Ipo nafasi ya kumsamehe mtu mmoja mmoja kwa maslahi ya Marekani, na mlango huo mtoto wa shule hawezi kuuwekea mpango.

MWALIMU: Amri za namna hii huja na huondoka. Zile za 2017 zilifutwa 2021.

HAJATI: Miaka minne hiyo. Shahada nzima, Mwalimu.

MWALIMU: Na ukikaa bila kuomba, amri ikiondolewa unakuwa huna hata barua. Mtoto akikubaliwa, chuo kinaweza kumwekea nafasi hadi mwaka ufuatao. Hakuna chuo kitakachompeleka mtu mahakamani kwa kunyimwa viza.

HAJATI: Sikusema mahakama. Lete kalenda. Anasaini lini?

BINTI: Mwisho 1 Novemba.

HAJATI: Wanamjibu?

BINTI: Katikati ya Desemba. Wakinikubali nafuta mengine, na siruhusiwi kutuma mapya.

HAJATI: Na hiyo viza anaiombaje?

BINTI: Chuo kinanitumia kwanza hati yao ya I-20, baada ya mambo ya fedha kukamilika. Usaili wa ubalozi unaweza kufika Juni, pengine Julai.

HAJATI: Buruse ya Uturuki inafunguliwa lini?

BINTI: Januari. Inafungwa Februari.

HAJATI: Mwalimu, soko kuu la hapa lilipoungua Januari 2013, mali yangu yote ilikuwa kwenye kibanda kimoja. Waliokuwa wameacha hata marobota mawili nyumbani waliuza barabarani wiki ileile. Mimi nilianza kwa kukopa. Sasa unaniambia mtoto afute Uturuki, afute China, afute kila kitu Desemba, halafu Julai ndipo aulize kama anaruhusiwa kupanda ndege?

Mwalimu alikaa kimya kidogo, nami namwonea huruma, kwa sababu hoja yake ya fedha bado imesimama. Kama ubalozi ungekuwa unatoa viza kama zamani, ningekuwa upande wake: kwa mwombaji mgeni asiye na kitu, anayetaka chuo kinachoangalia mfuko, kuomba fungu likiwa bado zima ni faida kubwa kuliko hasara ya kutolinganisha bei ambazo hata hivyo hawezi kuzilipa. Wanaopinga kujifunga kwa hoja za tabaka la kati la Marekani wanatuazima vita isiyo yetu. Ila kalenda ya Hajati inabadilisha kila kitu. Ahadi inadaiwa Desemba, ruhusa inajulikana kiangazi, na katikati hapo ndipo buruse za nchi nyingine hufunguliwa na kufungwa. Mkataba unamruhusu mwanafunzi kutoka kwa sababu ya fedha, na neno viza halimo.

BINTI: Hata huko kwenye huru kuna masharti, Shangazi. Yale na Harvard hawataki uombe mapema chuo kingine binafsi cha Marekani. Lakini wameandika wazi kwamba vyuo vya nje ya Marekani unaruhusiwa kuviomba wakati wowote.

HAJATI: Hao wamefikiria.

MWALIMU: Hao pia wanakubali watu wachache kuliko vidole, mwanangu. Usijenge maisha juu ya MIT.

BINTI: Sijengi, Mwalimu. Nasema tu kwamba nikikataliwa huko, Uturuki bado ninayo.

MWALIMU: Na nyumbani bado unayo. Chuo Kikuu cha Burundi si adhabu.

HAJATI: Si adhabu, ila ile buruse ya serikali tangu 2017 imekuwa mkopo. Nayo tuihesabu.

Kuna mtu mwingine mwenye saini kwenye mkataba wa kujifunga, na katika mazungumzo yetu ya Bujumbura husahauliwa kabisa: mkuu wa shule, au yeyote anayekaa kwenye nafasi ya mshauri wa wanafunzi. Shule nyingi za hapa hazina mshauri wa namna hiyo. Mkuu anapelekewa fomu ya Kiingereza, anaona jina la mwanafunzi wake bora, anasaini kwa furaha. Amesaini kwamba amemshauri mwanafunzi aitimize ahadi. Huko Marekani jambo hili lilifika magazetini mwaka 2025, Chuo Kikuu cha Tulane kilipoizuia shule ya Colorado Academy kuleta maombi ya kujifunga kwa mwaka mzima, kwa kuwa mwanafunzi wake mmoja alijiondoa. Colorado Academy ni shule ya wenye fedha, itaishi. Sekondari ya Bujumbura ambayo ofisi ya udahili inaijua kwa mwanafunzi mmoja tu ina jina jembamba zaidi, na atakayelilipia ni mdogo wake anayekuja nyuma. Viza si kosa la mtoto, na nadhani ofisi nyingi zingelielewa hilo. Bado nisingependa mkuu wa shule asaini kitu ambacho hakusomewa kwa Kifaransa au Kirundi.

MWALIMU: Haya, tukubaliane kwamba tatizo ni ubalozi. Basi ajifunge mahali ambapo ubalozi wa Marekani hauhusiki.

HAJATI: Vyuo vya Marekani bila Marekani?

MWALIMU: Vipo. New York University ina chuo kamili Abu Dhabi tangu 2010. Duke ina kingine China, Kunshan, karibu na Suzhou. Shahada ni ya Kimarekani, viza ni ya Emirati au ya China. Vyote viwili vina ombi la kujifunga, na vyote vinatoa msaada wa fedha kwa wageni. Abu Dhabi wana hata duru ya pili ya kujifunga, mwanzoni mwa Januari, kwa aliyekosa kwingine.

HAJATI: Abu Dhabi najua watu. Kunshan sijui mtu.

BINTI: Mimi wote siwajui, Shangazi.

HAJATI: Utajuana nao. Mwalimu, hilo ungelisema mwanzo tusingepoteza asubuhi. Huko ajifunge, sina neno, mradi bei iwe imeandikwa.

MWALIMU: Kwa hiyo Hajati hupingi kujifunga.

HAJATI: Napinga kujifunga na mtu asiyeshika ufunguo wa mlango wake mwenyewe.

Kwa kuwa mimi ndiye mwandishi ningeweza kuwaacha hapo, lakini Binti hakuridhika, na naona alikuwa na haki. Abu Dhabi ina waombaji wa dunia nzima, Kunshan iko mbali na kila mtu anayemjua, na somo analolitaka, sayansi ya magonjwa ya mimea, halipatikani kila mahali. Mihogo ya tambarare ya Imbo na migomba ya milimani inamhusu kuliko jina la chuo. Viko vyuo vya Marekani vyenye vitivo vya kilimo vizito, kimojawapo Cornell, ambako mapema ni ya kujifunga. Kwake yeye kuacha Cornell si kuacha sifa, ni kuacha maabara.

BINTI: Nitaandikia ofisi ya udahili Septemba, kabla sijachagua. Swali la kwanza: viza ikikataliwa, au ikiwa bado imesimamishwa, saini yangu na ya mkuu wa shule zinahesabiwaje? La pili: mkigeuza kipato cha Burundi kuwa dola, mnatumia bei ipi?

MWALIMU: Ongeza la tatu. Nikiahirisha mwaka mmoja, msaada wa fedha unaahirishwa pamoja nami au naomba upya?

HAJATI: Na la nne. Wakati nangoja viza, naruhusiwa kuacha ombi la Uturuki likae?

MWALIMU: Hilo watasema hapana, Hajati.

HAJATI: Waseme kwa maandishi. Wakisema hapana kwa hilo na hapana kwa la kwanza, anaomba huru, na Cornell anaiomba Januari na wenzake wote, hata kama fungu limepungua.

MWALIMU: Nafasi yake itakuwa ndogo.

HAJATI: Najua. Kwenye hiyo fomu ya kujifunga, mlezi ana mahali pa kusaini?

BINTI: Unapo, Shangazi. Baada ya yangu na kabla ya mkuu wa shule.

HAJATI: Basi majibu yakija, mniletee dukani. Nisomeeni yote, hata yale ya Kiingereza.